Homa ya dengue: jina ni letu ama tumejipachika? Wazee wa Mvita ndooni

#1 · Baharia wa Nchi Kavu
Salaam jukwaani.

Juzi baada ya alasiri nilikuwa barazani Kibokoni. Jirani yetu amelala ndani siku ya nne, vipimo vimesema dengue. Tukawa twazungumza habari zake, mzee mmoja akashusha kikombe cha kahawa akasema: "Dengue ni nini? Hiyo ni kidingapopo. Wazungu walituibia jina wakatuletea tena kama jipya."

Nilidhani ni maneno ya kahawa. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, na usingizi ukaniruka. Kumbe kuna waandishi wa tiba wanaosema kweli kwamba neno *dengue*, linalotumika leo kutoka Brazil hadi Ufilipino, asili yake ni Kiswahili, "ka dinga pepo", na maana wanayoipa ni ugonjwa wa ghafla wa kukakamaa unaoletwa na pepo mbaya.

Mimi nimezaliwa Mvita, nimelelewa Mvita, na sijawahi kusikia mtu "akidingwa". Wenye elimu njooni. Neno ni letu ama tumejipachika? Na huyo ni popo ama pepo?

#2 · Kijana wa Majengo
Dinga si ni gari? Basi kidingapopo ni gari la popo. Uzi umefungwa, nirudi kwa viazi karai vyangu.

#3 · Mama Mahamri
Nyinyi chekeni. Mwaka 2013 homa hiyo ilipotanda mji huu, kuna baba alikuja asubuhi kuchukua mahamri na mbaazi. Akaniuliza mbaazi zimekwisha? Nikamwambia zimekwisha lakini dengu zipo. Wallahi alirudi nyuma hatua mbili. Wiki nzima dengu zangu zilikuwa zalala kwenye sufuria kwa sababu ya jina.

#4 · Msomi wa Tudor
Baharia, mzee wako hakukosea sana, lakini habari yenyewe ina mafundo mengi. Wacha niifungue polepole.

Aliyeliandika jina hilo likawafikia madaktari wa Ulaya ni James Christie, daktari wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1870 Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye kipindupindu kikali cha 1869 na 1870. Watu hawajapumua, ikaingia homa nyingine ya ajabu. Mtu amesimama dukani mara magoti yanashikwa, vidole vinavimba, mwili unatoka vipele, na baada ya siku chache homa inaondoka lakini viungo vinabaki vinauma kwa wiki, wengine kwa miezi. Hii haikuwa ikiua kama kipindupindu, ila ilikuwa inapita nyumba hadi nyumba haimsazi mtu.

Christie akawauliza wenyeji huu ni ugonjwa gani. Vijana hawaujui. Wazee wakamwambia tunaujua, ulikuja zamani, karibu miaka hamsini iliyopita, na jina lake ni kidinga pepo. Yeye akapiga hesabu akafika 1823. Mwaka 1872 aliandika makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza na jina hilo la Kiswahili akaliweka kwenye kichwa cha makala. Hoja yake ilikuwa kwamba ugonjwa ulivuka bahari kutoka pwani hii, ukafika visiwa vya Karibi mwaka 1827, na jina likasafiri pamoja nao kwenye vinywa vya watumwa, likatamkwa na Wahispania mpaka likawa dengue.

#5 · Mlinzi wa Feri
Huyu Christie si ndiye yule mmishonari aliyesafiri na Livingstone?

#6 · Msomi wa Tudor
Hapana. Unayemfikiria ni John Kirk. Huyo ndiye aliyekuwa na Livingstone kule Zambezi, baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar. Walikuwa Unguja wakati mmoja na wote ni madaktari, ndiyo sababu watu huwachanganya. Christie ndiye huyohuyo aliyeandika kitabu kizima cha kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichotoka 1876. Alikuwa mtu wa kuuliza: nahodha alitoka bandari gani, msafara ulipita mji gani, nani aliumwa kwanza. Kabla ya watu kujua vijidudu hivi, kazi ya aina hiyo ilikuwa adimu.

#7 · Mzee wa Kuze
Assalaam aleikum watoto wangu. Mimi si mwandishi, hii simu n'nashikiwa na mjukuu, yeye ndiye aandikaye.

Hapo kale nyanyangu, Mungu amrehemu, akituona twalala mtana tumejikunyata alikuwa akituuliza, "Una nini, umeshikwa na kidingapopo?" Alikuwa asema POPO. Si pepo. Na haikuwa homa ya kitwa tu na mato mekundu. Kidingapopo ni ile ya viungo, mtu yuwenda amepinda kama yuwatafuta sindano chini. Pepo walikuwa na majina yao na mambo yao, wakipungwa kwa ngoma na uvumba. Hakuna mtu aliyepungiwa kidingapopo. Ilikuwa ni kulala na kungoja iondoke.

Basi huyo mzungu masikio yake yalimdanganya.

#8 · Mpemba Halisi
Mzee shikamoo, lakini hapa nakataa. Popo ametoka wapi kwenye homa? Kwetu Pemba popo tunamjua mmoja tu, na huyo habari zake hazisemwi usiku 😂

Pepo ndio inaingia akilini. Mtu mzima, hana jeraha, hajaanguka, mara moja anajikunja. Zamani lolote linalokuja ghafla bila sababu lilikuwa la pepo. Na kumbukeni mwaka ule wa 1870 watu walikuwa wametoka kuzika kila siku. Ukiona balaa la pili linabisha hodi, utaliita popo?

#9 · Kijana wa Majengo
Tena Popobawa, lile jini la Pemba, alikuja miaka ya tisini. Huyu wa 1870 basi alikuwa babu yake.

#10 · Daktari wa Zamu
Nimesoma uzi huu nikiwa zamu, nikacheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Lakini kuna jambo hamjaligusa, na ndilo tamu kuliko yote.

Rudini kwenye maelezo ya Msomi na ya Mzee wa Kuze: vidole vinavimba, mtu anapinda, maumivu ya viungo yanakaa wiki na miezi. Hiyo si dengue ninayoitibu hapa. Dengue huja na homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, misuli na mgongo kana kwamba umepigwa rungu, vipele, na baadhi ya wagonjwa chembe sahani za damu zinashuka na wanatoka damu kwenye fizi au pua. Lakini homa ikishaondoka, viungo kwa kawaida havibaki vimevimba kwa miezi. Ugonjwa unaofanya hivyo ni chikungunya, homa nyingine inayoletwa na mbu kama dengue.

Mwaka 1971 mtafiti mmoja, Donald Carey, alipitia maandishi ya zamani akauliza: hawa watu wa 1823 na 1870 hawakuwa wakiumwa chikungunya? Wengi tangu hapo wameona ana hoja. Kwa hiyo kama jina dengue kweli lilitoka kwetu, basi lilikuwa la ugonjwa mmoja likaishia kuvikwa mwingine.

#11 · Kijana wa Majengo
Yaani tumeibiwa jina, halafu mwizi akalipeleka nyumba siyo.

#12 · Mlamu wa Langoni
Daktari umenirudisha 2004.

Sisi Lamu chikungunya ilitukuta kati ya mwaka. Nilikuwa nimekwenda likizo kwa mamangu. Siku ya kwanza jirani, siku ya tatu ndugu zangu wawili, siku ya tano mimi. Nilishindwa kufungua kifuniko cha birika, mikono haikamati. Msikitini kwenye swala ya alfajiri safu ilikuwa ya wazee wanaoswali wameketi, na vijana nao wameketi! Baadaye watafiti walipima damu za watu wakakadiria kwamba robo tatu ya watu wa Lamu waliambukizwa, zaidi ya watu elfu 13. Mwisho wa mwaka huo ikawa imefika kwenu Mombasa, mwaka 2005 Ngazija, kisha Réunion ambako karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa waliumwa, halafu India.

Jambo lililonishangaza mimi ni hili. Haikuja wakati wa masika, ilikuja kwenye ukame. Sote tulidhani mbu ni wa mvua. Kumbe mvua ilipokosekana kila nyumba ikawa yaweka maji ndani: jabia, mapipa, mitungi, na maji hayabadilishwi kwa sababu ni machache. Mbu huyu hataki dimbwi la nje. Yeye ataka maji yako safi ya kunywa.

#13 · Mlinzi wa Feri
Chikungunya ni Kiswahili? "Kukunja", naona inafanana.

#14 · Mtu wa Newala
Naingilia mkuu. SI KISWAHILI. Ni Kimakonde. Kila mwaka nasoma kwenye tovuti fulani kwamba ni Kiswahili na kila mwaka presha inapanda.

Ugonjwa ulitambuliwa kwetu, uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mlipuko wa 1952 na 1953. Neno lina maana ya kujikunja, kwenda umepinda. Daktari Marion Robinson ndiye aliyeandika dalili za wagonjwa, na mwenzake Lumsden akaandika jinsi mlipuko ulivyoenda, makala zote mbili zikatoka 1955. Mwanzoni walidhani ni dengue. Wakawauliza wagonjwa, wagonjwa wakasema jina lao, na jina likabaki.

Mzee wa Kuze, kama kidingapopo na chikungunya ni ugonjwa mmoja basi babu zetu na babu zenu walitazama mgonjwa yuleyule, kila mtu akamwita kwa lugha yake.

#15 · Fundi wa Changamwe
Na kirusi chenyewe kiligunduliwa na Ross, yule wa malaria. Jamaa alikuwa noma.

#16 · Daktari wa Zamu
Ross ndiyo, lakini si yule. Ronald Ross wa malaria alifanya kazi yake Secunderabad, India, mwaka 1897, na alifariki 1932. Hangeweza kuwa Newala 1953 ila kama pepo, na hapo tutarudi kwa Mpemba. Aliyekitenga kirusi cha chikungunya ni R. W. Ross. Majina yamegongana tu.

#17 · Fundi wa Changamwe
Shukran, nimesahihishwa hadharani, sitasahau.

#18 · Bamburi Kaskazini
Nimewaacha mkajifurahisha, sasa nimwage maji kwenye moto.

Hadithi nzima ya "neno ni letu" inasimama kwenye tarehe. Christie anasema ugonjwa ulitoka huku 1823 ukafika Karibi 1827, jina likazaliwa huko. Sawa. Lakini Wahispania walikuwa na neno *dengue* KABLA. Kuna barua ya Malkia María Luisa wa Hispania ya mwaka 1801 ambamo anasema amepata yale mafua yaliyoenea siku hizo "wanayoyaita dengue". Hiyo ni miaka 22 kabla ya 1823. Na kule Puerto Rico mwaka 1771 kulikuwa na homa waliyoiita *quebranta huesos*, yaani kivunja mifupa.

Kwa Kihispania dengue ni maringo, madeko, mtu kujifanya laini. Mgonjwa wa viungo anatembea kwa tahadhari kama bibi harusi. Jina limetoka hapo. Samahani kwa wazalendo.

#19 · Msomi wa Tudor
Bamburi, barua ya 1801 naikubali, ni ushahidi mzito. Ila inathibitisha kwamba *neno* lilikuwepo Hispania. Haithibitishi kwamba watu wa Karibi mwaka 1827 walilitoa huko. Hata wewe umenukuu malkia alikuwa na mafua ya msimu, si homa ya mbu Madrid.

Halafu angalia visiwa vya Waingereza huko huko Karibi. Wao homa hiyohiyo waliiita "dandy", jina la mwanamume mtanashati anayetembea kifua mbele shingo ngumu. Mimi ninavyoona, watu wasiojua Kiswahili walisikia neno geni mfano wa "dinga" au "denga", Mwingereza akalisikia dandy, Mhispania akalisikia dengue, kila mmoja akalivalisha nguo ya kwao iliyokuwa tayari kabatini. Mombasa tunalijua hilo. Sisi "school" tuliifanya skuli na hakuna aliyetushtaki.

#20 · Bamburi Kaskazini
Hoja nzuri ila haina shahidi. Nguo kabatini umeiona, aliyeivaa hujamwona.

#21 · Mama Mahamri
Hii ya bibi harusi nimeipenda. Mume wangu alipoumwa alitembea hivyo hivyo na nikadhani anakwepa kwenda sokoni.

#22 · Mwalimu wa Lugha
Habari za jioni. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na naona mnagombania popo na pepo huku neno gumu ni lile la katikati.

Kwanza, hiyo "ka dinga" iandikwayo kwenye vitabu vya kizungu si ya Kiswahili cha pwani. Sisi udogo tunautia kwa ki-. Kwa hiyo *kidinga*, kama alivyosema Mzee wa Kuze, na kamusi zetu zimeandika kidingapopo, neno moja, maana yake homa ya dengue.

Pili, tazameni umbo. Ki + dinga + popo. Maneno ya namna hii tunayo: kifungua kinywa, kitindamimba, kifaurongo. Sehemu ya katikati ni kitenzi. Kwa mpango huo *dinga* lazima kilikuwa kitenzi ambacho leo hatukitumii, na popo ndiye anayetendwa, kama kinywa kinavyofunguliwa. Swali basi liwe: mtu akimdinga popo, anamfanya nini?

Ikiwa ni pepo, umbo linalegea. Ugonjwa *unamdinga* pepo? Ama pepo ndiye anayedinga? Kiswahili kingesema kidinga cha pepo.

#23 · Mpemba Halisi
Mwalimu, kinyonga nacho kinanyonga nini? Si kila ki- ni hesabu.

#24 · Mwalimu wa Lugha
Ndiyo maana nimesema "kwa mpango huo". Sijaapa.

#25 · Mzee wa Kuze
Mwalimu umenikumbusha. Sisi wadogo, jioni magharibi haijaadhiniwa, popo wakija kula kungu kwenye mkungu mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba. Twawavizia kwa mawe na manati. Popo akipigwa akaanguka, hafi pale pale. Hujikunja, mbawa zikakaza, vidole vile vyembamba vikawa kama miba ya mwamvuli uliovunjika. Ukimgusa yuwatetema.

Mgonjwa wa kidingapopo ndivyo alivyo, vidole havifunguki. Mimi sijui kitenzi, lakini huyo popo n'namwona.

#26 · Baharia wa Nchi Kavu
Mzee hiyo picha imenikaa. Mwamvuli uliovunjika.

#27 · Nahodha Mstaafu
Nyote mwazungumza maneno, hakuna aliyezungumza chombo.

Nimekwenda majahazini utotoni na babangu. Chombo kikubwa kilikuwa na tangi la mbao la maji ya kunywa, lafunikwa kwa ubao usioziba sawasawa. Maji yale yakaa wiki nyingi. Ukichota asubuhi waona vijidudu vyacheza shingo juu, twavichuja kwa kitambaa tukanywa. Hatukujua kuwa ni watoto wa mbu. Mtu mmoja akipanda mgonjwa, mbu wa tangini wamuuma yeye, kisha mabaharia mmoja mmoja, mpaka chombo chatia nanga Aden na homa iko hai. Kaskazi yatuleta huku, kusi yaturudisha Arabuni na Bara Hindi. Homa haikuhitaji pepo, upepo ulitosha!

Tena mwasemaje nikiwaambia huenda ndiyo asili: upepo, pepo za bahari? Wazee walisema "pepo" kwa maana ya upepo pia.

#28 · Kijana wa Majengo
Sasa tuna popo, pepo na upepo. Bado papai.

#29 · Mama Mahamri
Papai lipo! Majani ya mpapai yaliyopondwa, wengi walikunywa 2013 wakisema yapandisha damu. Uchungu wake mtu apona ili asiongezwe kikombe.

#30 · Daktari wa Zamu
Majani ya mpapai nisingeyategemea. Muhimu ni maji mengi, kupumzika, na parasetamol. Msimpe mgonjwa wa dengue aspirini wala ibuprofen, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na siku homa inaposhuka ndiyo ya kumchunga zaidi. Akianza kutapika mfululizo, tumbo kuuma sana au damu kutoka, hospitali haraka.

#31 · Mkaazi wa Kisauni
Laiti ningejua haya. Mimi nilipata homa, nikaenda zahanati moja, nikaambiwa malaria bila kupimwa, nikapewa dawa. Baada ya siku mbili nikarudi, nikaambiwa malaria sugu, nikapewa sindano. Mara ya tatu nikaambiwa malaria imepanda kichwani. Nilikuwa na vipele mwili mzima! Mwanafunzi wa udaktari tuliyepanga naye nyumba ndiye aliyeniambia hii si malaria, nenda ukapimwe damu. Nilikuwa nimetumia pesa ya kodi ya mwezi.

#32 · Daktari wa Zamu
Pole sana. Ni kisa cha wengi. Pwani kwa miaka mingi kila homa iliitwa malaria, ingawa dengue ilithibitishwa Malindi na pwani hii tangu 1982.

#33 · Fundi wa Changamwe
Daktari, swali la kweli safari hii. Nani alijua ni mbu? Ross (yule wa kwanza!) alisema mbu wa malaria. Wa dengue je?

#34 · Daktari wa Zamu
Swali zuri, umejikomboa.

Mwaka 1903 daktari Harris Graham, aliyekuwa Beirut, alitoa utafiti wake akisema dengue inaenezwa na mbu. Alipatia jambo kubwa ila alimtuhumu mbu asiye mwenyewe, na akadhani ameona kijidudu ndani ya chembe za damu, ambacho hakikuwepo. Mwaka 1906 Thomas Bancroft wa Australia akamwelekezea kidole mbu halisi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, *Aedes aegypti*. Mwaka uliofuata, 1907, Wamarekani wawili kule Ufilipino, Ashburn na Craig, walichukua damu ya mgonjwa wakaipitisha kwenye chujio ambalo bakteria hawapenyi, kisha wakamdunga mtu mzima wa afya aliyejitolea. Akaugua. Maana yake kisababishi ni kidogo kuliko bakteria. Leo kamati za maadili zingewafukuza mlangoni.

Kirusi chenyewe kilitengwa wakati wa Vita vya Pili, Wajapani Hotta na Kimura mwaka 1943, na Albert Sabin wa Marekani 1944. Sabin akagundua kwamba viko vya aina zaidi ya moja. Sasa tunajua ni vinne. Ukipona kimoja una kinga nacho, lakini ukiumwa na aina nyingine baadaye unaweza kuumwa vibaya zaidi.

#35 · Mkaazi wa Kisauni
Subhanallah. Kwa hiyo bado nina tatu za kwenda?

#36 · Daktari wa Zamu
Funika mapipa yako ndugu yangu. Huyu mbu anauma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakikutoshi.

#37 · Mlinzi wa Feri
Kufunika ni rahisi kusema. Kwetu Likoni maji yaja siku mbili, yakatika kumi. Tuna mitungi ishirini ukumbini, na ule wa juu umefunikwa na sahani. Mwenye mkokoteni akikosa wiki, twachota hata ya tangi la mvua. Na hapo nje kuna vifuu vya nazi na tairi la tuktuk la mtu.

#38 · Mlamu wa Langoni
Ni yale yale ya 2004. Mfereji ukikauka mbu hufurahi.

#39 · Mwanafunzi wa Chuo
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Naongeza: majina ya huku kwetu yamejaa kwenye vitabu vya tiba. O'nyong'nyong ni neno la Waacholi, mlipuko wa Uganda 1959, nalo lina maana ya viungo kuvunjika, na huo huenezwa na mbu wa malaria, *Anopheles*. Zika ni msitu karibu na Entebbe, kirusi kilipatikana kwa nyani 1947. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mara ya kwanza hapa Kenya, kwa kondoo wa huko Naivasha, miaka ya 1930. Na kwashakoo ni neno la Waga wa Ghana, daktari Cicely Williams alilichukua kwa akina mama, ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

#40 · Mtu wa Newala
Karibu mdogo wangu. Wa Zika alikuwa tumbili, si nyani.

#41 · Mwanafunzi wa Chuo
Kweli, tumbili aina ya rhesus. Nimekimbia.

#42 · Bamburi Kaskazini
Mnaona hapo? O'nyong'nyong, chikungunya, kwashakoo: katika kila kisa tunamjua daktari aliyeuliza na mwaka alioandika. Kwa dengue tunaye Christie, aliyeandika miaka 45 *baada* ya Karibi. Mnyororo umekatika katikati. Sisemi si letu. Nasema kiungo cha kati hakipo.

#43 · Msomi wa Tudor
Kiungo cha kati ni watu waliopakiwa kwenye meli bila kalamu. Wao wangeandika wapi?

#44 · Bamburi Kaskazini
Hilo sina jibu nalo.

#45 · Bi Kibokoni
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na arusi.

Nilikwenda kumwona shangazi yangu, ana miaka tisini na kitu, masikio ndiyo yamepungua lakini ulimi mzima. Nikamsomea uzi wote, ikabidi nipige kelele mpaka majirani wakajua habari za malkia wa Hispania. Nikamuuliza, "Shangazi, ni kidinga popo ama kidinga pepo?"

Akaniangalia. Akasema wao wakisema *kidinga* tu. "Ana kidinga." Popo, anasema, ilikuwa ya watoto, wakiimbiana mtu akichechemea. Nikamuuliza na hiyo kidinga yenyewe ni nini. Akasema, "Ni ugonjwa. Wewe hujapata kuumwa?"

#46 · Mwalimu wa Lugha
Allah. Umbo langu lote limebomoka.

#47 · Mzee wa Kuze
Huyo shangazi yako ni wa mtaa gani? Sisi hatukuimba.

#48 · Bi Kibokoni
Mzee, amezaliwa Kuze. Anasema nyinyi ndio mliokuwa mkiimba.

#49 · Baharia wa Nchi Kavu
Nashukuru nyote. Jirani ametoka nje leo, amekaa barazani, anatembea kama yule bibi harusi. Nimempelekea habari za uzi, akauliza kama katika maneno yote haya kuna mtu aliyeandika dawa ya kuwashwa, maana vipele sasa vyawasha mpaka hapati usingizi.

#50 · Mama Mahamri
Kalamini, ipo duka la dawa. Na kesho dengu zipo, mwambie asiogope.